Gitaa lile la 1966 lilirekodiwa kinyumenyume

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee waliorekodi wimbo "I Had Too Much to Dream (Last Night)" wa The Electric Prunes, bendi ya Los Angeles. Santuri ilitoka mwishoni mwa 1966, mwaka uliofuata ikafika namba 11 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, kisha ikafifia. Lenny Kaye, mpiga gitaa na mwandishi wa muziki, ndiye aliyeifufua 1972 alipofungulia nayo Nuggets, mkusanyiko wa nyimbo za roki za miaka ya 1960, na tangu hapo wapenzi wa wimbo huo hawaambiliki.

Wapo wanaodhani ule mvumo wa mwanzo, kama nyuki mkubwa anayekaribia sikio, ni wa kinanda. La hasha! Ni gitaa lililogeuzwa. Ukitaka kuupata, badilisha rili (magurudumu yanayobeba kanda) ili kanda icheze kuanzia mwisho, rekodi gitaa, kisha irudishe kanda ilivyokuwa. Ule mguso wa kidole kwenye uzi, ambao kwa kawaida hutangulia, sasa unakuja mwisho: sauti inavimba taratibu, halafu inakatika ghafla.

Wengi huharibu hapo kwenye kugeuza. Katika mashine ya njia nne, yaani inayorekodi mistari minne ya sauti kwenye kanda moja, kanda ikigeuzwa, njia ya 1 inakuwa ya 4, na ya 2 inakuwa ya 3. Asiyehesabu vizuri hujikuta amefuta sauti ya mwimbaji, na hairudi. Vilevile noti zipangwe kuanzia ya mwisho, la sivyo gitaa litagombana na besi.

Mpenzi wa santuri