Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: vyombo vishuke kwanza, ugomvi wa bei ufuate

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kampuni zinazohamisha vyombo vya nyumbani kwa safari za mbali, na mchezo ambao wateja wengi tumechezewa: mlango wa lori ukishafungwa, bei inabadilika.

Mambo huenda hivi. Unapiga simu, unaulizwa una vyumba vingapi, unatajiwa bei ya kuvutia, unaombwa kianzio. Hakuna anayekuja kuangalia vyombo. Siku ya kuhama wanafika watu usiowajua kabisa, maana uliyepatana naye kumbe alikuwa dalali tu. Wanapakia mbiombio, kisha unapewa karatasi za kutia saini hapo hapo umesimama, nyingine zikiwa na nafasi tupu za kujazwa baadaye. Mwisho wa safari unaambiwa mzigo umezidi, ulipe nyongeza tena taslimu, la sivyo vyombo vinapelekwa bohari na gharama ya kuvitunza ni juu yako.

Mimi nililipa. Watoto walikuwa wanalala sakafuni, na nadhani dereva alilijua hilo kabla sijafungua mdomo.

Silalamikii ughali. Lori, mafuta na makuli vina gharama zake, na fundi anayejua kufungua kabati bila kulivunja anastahili ujira mnono. Lakini patano gani hilo, ikiwa upande mmoja umeshikilia vitanda, sufuria na vyeti vya shule vya upande wa pili?

Wenzetu wa Marekani walilitazama jambo hili kwa safari zinazovuka mipaka ya majimbo. Kama makadirio hayakuwa bei ya mwisho, kampuni haiwezi kudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio hayo ndipo ishushe vyombo. Deni la ziada husubiri angalau siku 30. Mteja ana haki ya kushuhudia lori likipimwa uzito. Na sheria yao ya mwaka 2005 inaita kuzuia mzigo kinyume cha utaratibu kuwa ni kuuteka, ikaweka faini isiyopungua dola 10,000, na kila siku mzigo unapoendelea kuzuiwa inaweza kuhesabiwa kuwa kosa jingine. Hata hivyo matapeli hawakwisha. Mwaka 2023 ilibidi wakaguzi wa serikali kuu waingie kazini kwa operesheni maalumu. Kwa hiyo sikuombi karatasi peke yake, Mheshimiwa.

Ninachoomba hasa ni kanuni moja yenye meno: mteja akilipa kiasi kilichoandikwa, pamoja na ziada ndogo itakayowekewa kikomo, vyombo vishushwe siku hiyo hiyo. Kampuni ikiona inadai zaidi, ilete madai yake baadaye, kama anavyofanya mdai mwingine yeyote. Ili kanuni hiyo ifanye kazi, makadirio yaandikwe baada ya vyombo kukaguliwa, na dalali ajitambulishe kuwa ni dalali kabla ya kupokea hata senti.

Kuhusu vilivyovunjika, nisirefushe sana, ila fidia inahitaji kuelezwa mapema kwa lugha nyepesi. Hata huko Marekani, mteja anayechagua kinga isiyo na malipo ya ziada hulipwa senti 60 tu kwa kila ratili ya uzito wa kitu kilichoharibika. Kompyuta ya ratili nne inamrudishia dola 2 na senti 40. Wengi hugundua hesabu hiyo wakati kioo kimeshapasuka, na saini yao iko pale chini ya karatasi.

Jambo la mwisho ni simu. Watu wengi huhama mwisho wa mwezi na mwisho wa wiki, ofisi za serikali zikiwa zimefungwa, na dereva anayedai nyongeza anaijua ratiba hiyo kuliko sisi. Teua afisa wa zamu mwenye mamlaka ya kuzungumza na dereva huyo papo hapo, lori likiwa bado limesimama mlangoni, na namba yake ichapwe juu kabisa ya kila mkataba wa kuhamisha vyombo.

Wako mtiifu,
Mteja aliyelipa mara mbili