Mikataba ya mikopo nayo iandikwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Februari 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapodai hivyo. Sisi wauza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, tuliipokea kwa furaha ya kweli, kwa kuwa mahakama ya mwanzo ilikuwa ikitusikiliza kwa Kiswahili tangu zamani, lakini shauri lilipopanda ngazi, mtu aliweza kushindwa asielewe hata sababu.

Kilichobaki nyuma ni mikataba. Mwaka jana nilitia sahihi mkataba wa mkopo wa kurasa tisa za Kiingereza, nikaelezwa kwa mdomo riba na tarehe ya marejesho, basi. Kifungu kilichoiweka boti yangu dhamana nilikifahamu siku waliyokuja kuikamata. Nawaomba wabunge wetu wawabane wakopeshaji watoe nakala ya Kiswahili kabla ya sahihi, na nakala hiyo ndiyo itambuliwe mahakamani.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma.