Barua kwa rafiki aliyeniuliza majibu yamesemaje

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeupata ujumbe wako, na nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu swali lako ni fupi lakini jibu lake si fupi. Umeniuliza majibu yamesemaje. Ukweli ni kwamba hayajasema. Daktari hajanificha kitu, na mimi sikufichi. Kipimo kilifanyika vizuri, picha zilitoka safi, zikasomwa na mtu anayeijua kazi yake, na bado mwishoni mwa ripoti pameandikwa kwamba kilichoonekana hakiwezi kutajwa ni nini, kilinganishwe na hali ya mgonjwa, na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3.

Najua hutaridhika na hapo, kwa hiyo nakueleza yote.

Kile kikohozi unakikumbuka, kile kikavu kilichogoma kuniacha. Kwa mtu mwingine kikohozi ni kikohozi tu. Kwa sisi tunaoishi na baridi yabisi kina maana zaidi ya moja: ugonjwa wenyewe unaweza kuingia kwenye mapafu, na methotrekseti, ile dawa ya kushusha kinga ninayomeza kila wiki, nayo, mara chache, huweza kuyadhuru. Ndiyo maana daktari hakutosheka na eksirei, akaagiza CT ya kifua. Kwa lile alilokuwa akilitafuta, habari ni njema. Mapafu hayajakakamaa, wala hakuna dalili kwamba dawa imeyaharibu. Lakini chini ya pafu la kulia pakaonekana kidoa cha milimita 7 ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta.

Alinigeuzia skrini nikakiona mwenyewe. Picha ya CT ni mamia ya vipande vyembamba vya kifua vilivyopangwa kutoka juu hadi chini, na yeye akawa anavipitia kwa kuzungusha kigurudumu cha kipanya taratibu. Mapafu meusi, ndani yake mishipa myeupe ikigawanyika na kuwa myembamba, kisha kikachomoza kitu cheupe cha mviringo, kikakaa vipande vichache, kikapotea. Akarudi nyuma, kikachomoza tena. Mshipa wa damu, akanionyesha, ukiufuata utauona unaendelea. Hiki hakiendelei popote. Nilikitazama muda mrefu kuliko alivyotarajia, naye aliniacha nitazame, na kwa hilo namshukuru.

Nikamwuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: pamoja na mashine yote hii, inakuwaje mshindwe kujua ni nini? Akanieleza kwamba mashine haioni ugonjwa. Inapima tu jinsi miale inavyozuiwa na kila sehemu ya mwili, kisha namba hizo zinageuzwa kuwa weusi na weupe. Namba zenyewe zinaitwa kwa jina la Hounsfield, yule Mwingereza aliyeunda mashine hii na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Cormack. Maji ni 0, hewa ni kasoro 1000, mfupa uko juu zaidi. Katikati hapo nyama ni nyama. Kovu la maambukizi ya zamani, tezi ndogo, kuvu, kifua kikuu, saratani inayoanza, au kinundu cha baridi yabisi yenyewe (vile vinavyotuota kwenye viwiko huweza kuota hata mapafuni): kila kimoja, kikiwa na milimita 7, kinaweza kutoka na weupe ule ule.

Nikauliza kwa nini wasichukue kinyama kikapimwe maabara. Wanaweza, ila kitu kidogo hivyo, ndani ya pafu linalopanda na kushuka kwa kila pumzi, ni kigumu kukilenga, na sindano ikipenya pafu hewa inaweza kuvuja ikajaa kifuani hadi pafu lisinyae. Kuna na ile PET inayoonyesha sehemu zinazokula sukari nyingi mwilini. Nayo kwa kitu kilicho chini ya milimita 8 haitegemewi sana, tena kinundu cha baridi yabisi, kwa kuwa kina uvimbe unaowaka, chaweza kung'aa humo kana kwamba ni saratani. Ningepitia yote hayo na pengine nikabaki pale pale, nimeongezewa maumivu tu.

Hapo ndipo nilipoielewa ile miezi 3, na natamani na wewe uielewe, maana nafahamu unavyolichukia neno "subiri". Tumeambiwa subiri mara ngapi, mimi na wewe, na watu ambao hata hawakuwa wakitusikiliza, kabla magonjwa yetu hayajapewa jina? Hii si subira ya namna ile. Safari hii muda wenyewe ndio kipimo. Maambukizi hubadilika ndani ya wiki kadhaa, yakakua au yakaisha. Kovu hubaki lilivyo. Kidoa kigumu cha saratani ya pafu, mara nyingi, huchukua kati ya siku 100 na 400 ujazo wake kuwa maradufu. Wakinipiga picha kesho hakuna atakachokisoma mtu, kwa sababu tofauti isiyofika milimita 2 haihesabiwi kuwa ni kukua. Namna tu nilivyovuta pumzi siku hiyo inaweza kuileta. Lakini kidoa cha milimita 7 kikija kusomeka 9, ujazo wake umeshapita maradufu, na hapo hakuna wa kubisha. Kikikaa hivyo hivyo kwa miaka 2, kwa kawaida huhesabiwa hakina madhara.

Nakwambia na hili, kwa sababu nakujua, utakwenda kusoma. Utakutana na mwongozo wa Fleischner wa mwaka 2017, ambao madaktari wengi huutumia kuamua kidoa kipi kirudiwe picha na lini. Utaona kwamba kidoa kigumu kimoja cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12, nawe utajiuliza kwa nini mimi nimepewa 3. Roho yangu nayo iliruka nilipouona. Kumbe mwongozo huo wenyewe unasema hauwahusu watu ambao kinga yao imeshushwa. Kwa hiyo sisi, tunaomeza dawa za kushusha kinga, mwongozo huo hautuhusu. Kwetu daktari anamtazama mgonjwa aliye mbele yake, na kwa kuwa maambukizi yako juu kwenye orodha yake ya shaka, anataka kuangalia mapema. Nilimkazia macho nikamwuliza kama kuna kitu kibaya alichokiona akaninyamazia. Akasema hakuna, na kwamba angekuwa nacho angeniambia pale pale. Namwamini.

Namba nyingine utakayokutana nayo ni ya ule utafiti mkubwa wa Marekani wa kutafuta saratani ya mapafu, uliotangazwa mwaka 2011. Watu zaidi ya 26,000, wavutaji wakubwa wa sigara au waliokuwa wavutaji, walipangiwa CT ya kifua kila mwaka kwa miaka 3. Karibu robo ya vipimo vilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na katika hivyo vya shaka, zaidi ya 96 kwa kila 100 havikuwa saratani. Nimeisoma namba hiyo usiku zaidi ya mara moja, inanituliza. Lakini utafiti ule haukulenga watu wanaoishi kwenye dawa za kushusha kinga, kwa hiyo siwezi kuichukua nikaifanya yangu yote. Naishika kwa mkono mmoja.

Sasa nikwambie kinachoniuma kweli kweli. Ile sindano mpya niliyokuwa nianze, ile tuliyoizungumza kwa matumaini makubwa, imesogezwa. Ni dawa ya kuzuia TNF, kemikali ya mwilini inayochochea uvimbe, na dawa za kundi hilo zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, ndiyo maana mtu hupimwa kwanza. Nimetoa damu, nimetoa makohozi, na vyote havijaonyesha kitu. Ila kinga ikishashushwa na dawa, kipimo cha damu kinaweza kushindwa kuitikia hata kama vimelea vipo, na hapo hapo kuna kidoa kisicho na shahidi. Daktari wangu wa viungo amesema hatanianzishia mpaka tuione picha ya pili.

Nakubaliana naye. Lakini gharama ya uamuzi huo naibeba mimi, mikononi. Asubuhi vidole havikunji. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba na ukikigusa kina joto. Kifuniko cha chupa ya dawa nakibana kati ya magoti, ndipo nikizungushe chupa kwa viganja viwili. Nimeongezewa prednisoloni kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kunivusha. Mtu mwenye afya akiambiwa arudi baada ya miezi 3 anaendelea na maisha yake. Mimi ninarudi kwa ugonjwa ambao haunisubiri, na dawa ambayo ingeutuliza imefungiwa nyuma ya kidoa cha milimita 7. Hili watu hawalioni. Wanaona hofu ya saratani, wananipa pole ya hofu hiyo, basi. Wewe utaliona, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe hiki umekilalia miaka.

Jambo jingine gumu ni kuusoma mwili. Zamani nilikuwa naujua. Uchovu wa namna hii ni viungo vinakuja juu, uchovu wa namna ile ni methotrekseti ya jana. Sasa kila kitu kina wakili wa pili. Jasho la usiku ni la prednisoloni au ni la kifua kikuu? Nikikosa hamu ya kula ni dawa, ni wasiwasi, au ni kitu kinakua? Nilimweleza daktari hivyo hivyo, nikamwomba aniambie vipi vya kumpigia simu bila kungoja. Akanitajia: homa isiyoshuka, kukohoa damu, kuishiwa pumzi, na uzito kupungua bila sababu. Nimeviandika kwenye jalada la daftari. Kikitokea kimoja kati ya hivyo, napiga simu siku hiyo hiyo. Mengine nayaandika ndani ya daftari pamoja na tarehe, kisha nalifunga. Usiku mwingine hilo linatosha nikalala. Usiku mwingine nalala usingizi wa mang'amung'amu, nikiuhesabu kila mkohozo.

Nina ombi kwako, na naliandika wazi kwa sababu wewe ndiye wa kuambiwa wazi. Usiniambie si kitu. Najua wanaoniambia hivyo wananipenda, lakini wakishasema, mazungumzo yanafungwa, nami nabaki na hofu yangu nikiwa nimekatazwa kuitaja. Wala usianze kunililia. Dada yangu tangu asikie habari hii ananiongelesha kwa sauti ya msibani, mpaka mimi ndiye ninayembembeleza. Ninachotaka ni mtu anayeweza kusikia "haijulikani" na kukaa nayo bila kuisukuma upande wowote. Ukinipigia, niulize vidole kwanza. Ndivyo vinavyouma leo. Tukifika kwenye kidoa tutakiongelea, tusipofika tusijilazimishe, tuongee mambo yako, tuongee watoto, tucheke tukiweza.

Na kama utapata nafasi, nisaidie kazi moja. Nimenakili picha zote kwenye diski, si ripoti peke yake, kwa kuwa nimeelezwa kwamba msomaji wa picha ya pili anapaswa kuziweka zote mbili kando kwa kando, na nimeomba kipimo kirudiwe kwenye mashine ile ile. Maswali ya siku hiyo nimeanza kuyaandika. Kidoa kikiwa vile vile, je, sindano naruhusiwa, au tunasubiri tena? Kikipungua, tunaacha kufuatilia au bado? Kikikua, nani ataniona, na baada ya muda gani? Eksirei ya kifua niliyopigwa kabla ya kuanza methotrekseti inaweza kutafutwa tuone kama kidoa kilikuwepo? Hili la mwisho daktari alitikisa kichwa, akasema kitu kidogo kiasi hicho mara nyingi hakionekani kwenye eksirei, lakini nataka waangalie. Yasome uongeze ya kwako. Wewe una jicho la kuona swali ambalo mgonjwa mwenyewe amelipita.

Siku ya majibu ya pili ningependa uwe nami chumbani. Yale ya kwanza niliyasikia peke yangu, na nilipotoka nje niligundua kwamba nusu ya aliyosema daktari imenipita. Ukiwepo, mimi nitasikiliza na wewe utaandika. Wakinipa tarehe nitakutumia mapema upange kazi zako.

Sasa zamu yako. Mara ya mwisho ulisema mkojo umeonyesha protini na wanataka kuurudia kabla hawajagusa dawa zako za lupasi, huo ugonjwa wako wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Yametoka? Niandikie namba kama zilivyo, na miguu kama bado inavimba jioni.

Akupendaye daima,
mwenzako