Mate ya Mama

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila Mama. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Mwanaidi; utanisuta tukionana. Leo nina shida.

Tiba ya mionzi ya koo aliimaliza mwezi wa pili. Uvimbe umekwisha, alhamdulillahi, lakini kinywa kimekauka. Yeye aliyekuwa akipenda muhogo wa kuchoma, sasa tonge haliteremki bila maji. Usiku huamka ulimi umenata kwenye kaakaa. Juzi kipande cha mkate kimemliza.

Kliniki wakaniambia ni kawaida, anywe maji. Basi! Nikaanza kusoma mwenyewe.

Kumbe mate yana mwito wake. Neva humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe, nayo hushika vipokezi, yaani sehemu za kupokea ujumbe, vya seli za tezi za mate. Ndani ya seli, kalsiamu iliyokuwa akibani huachiliwa, milango ya kloraidi ikafunguka, chumvi ikatoka na maji yakaifuata. Kwa siku mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu, Rukia, nasi tunameza tu bila kujua! Na neva hizo huilea tezi tangu tumboni: kwa vijusi vya panya, zikiondolewa, tezi haichipui matawi yake vizuri. Hilo bado linanizunguka kichwani, kwamba anayeagiza ndiye aliyelea.

Mionzi imeharibu seli zenyewe zinazotoa maji. Lakini zikisalia zilizo hai, dawa iitwayo pilokapini hushika vipokezi vilevile na kuziamsha. Hapo nimeng'ang'ania. Daktari alisema upande wa kushoto haukupigwa sana, kwa hiyo huenda huko kuna zilizobaki. Sitaki kumpa Mama tumaini la bure, lakini machozi ya mkate yale siwezi kuyasahau.

Wewe ndiye mfamasia wetu. Vidonge vya pilokapini huko Nairobi vinapatikana, au ipo ya matone ya macho tu? Na ile pumu ya Mama, waikumbuka? Nimesoma kwamba pumu isiyotulia haipatani na dawa hii. Yake humbana msimu wa baridi, sasa nimwulize nini daktari kabla ya kuandikiwa? Meno je, dawa ya meno yenye floraidi inatosha? Na ubani anaotafuna tangu jana, maana kutafuna nako huita mate, nimwache aendelee?

Nijibu hata kwa mistari miwili. Mama anakusalimu, anauliza lini utakuja.

Wako,
Zuhura