Vikundi vya kuacha pombe, Mhariri, viko wapi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelinunua tangu Serikali haijahamia huku Dodoma, na sijawahi kukuandikia. Nimevumilia mengi, ukurasa wa nyota ukiwemo. Ila habari yenu ya juzi kuhusu ulevi imenishinda. Mmeeleza ini linavyooza, mmeweka na picha ya mtu kalala mtaroni bila viatu, halafu mstari wa mwisho mkaandika kwamba waathirika "wanashauriwa kujiunga na vikundi vya kusaidiana". Vikundi gani? Vinakutana wapi, lini? Mwandishi wenu akaweka nukta akaenda zake kula.

Mimi ndiye huyo mwathirika. Nimekunywa miaka 19. Nilianza na ujimbi wa mtama kijijini, nikaja mjini nikakutana na viroba, pombe kali ya kwenye vifuko. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 niliomboleza siku mbili, ya tatu nikahamia gongo. Mwaka jana ikafika mahali siwezi kushika kikombe cha chai mpaka nitoe loki, yaani ninywe kwanza ya kutuliza mikono. Daktari alinikataza kukata ghafla peke yangu, maana mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha kwa mkupuo anaweza kuanguka degedege. Nikatibiwa, nikatoka, nikaambiwa maneno yenu yale yale: tafuta kikundi.

Nikatafuta. Kwenye ofisi moja ya mtaa, kijana wa umri wa mwanangu aliniuliza kwa sauti mbele ya akina mama waliofuata barua za utambulisho, "Kikundi cha walevi, mzee? Si hicho hapo kilabuni?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Wengine wakanielekeza Mirembe, kwa wagonjwa wa akili. Hospitali ile ipo tangu 1927, lakini mji huu ukiitaja tu mtu anazungusha kidole kichwani. Halafu mimi kitanda nilishakitoka. Nilichotaka ni benchi, na watu wanaojua saa kumi na moja jioni ilivyo ndefu.

Aliyenisaidia ni dereva wa bajaji. Aliniona dukani nimemaliza soda ya pili nikiagiza ya tatu, akanisogelea: "Mzee, na wewe umeacha?" Jumamosi saa tisa akanipeleka kwenye darasa la shule moja ya msingi. Tulikuwa saba, tumekaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yanagusa kidevu. Mama mmoja akasimulia alivyokuwa anaficha chupa ndani ya debe la uwele, mpaka siku mkwewe alipokuja kuchota wa ugali. Hakuna aliyemhubiria. Usiku ule nililala.

Wiki ya tatu wakaja watu wa mradi. Wana bango, wana kamera, wana fomu ya mahudhurio: majina matatu, namba ya simu, mtaa, kazi, sahihi. Bango lenyewe limeandikwa WARAIBU WA POMBE kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, na wanataka tusimame chini yake tupigwe picha, tena tutabasamu, eti ni ya ripoti! Kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu mpole, ndiyo kwanza siku yake ya pili. Akanyanyuka akasema anakwenda kupokea simu. Simu haikuwa imeita. Mpaka leo hajarudi, na juzi nimemwona maeneo ya Sabasaba saa nne asubuhi, macho mekundu, akajifanya hanijui. Hivi hawa watu hawajauliza mambo haya yalianzaje? Waliokutana mwaka 1935 kule Akron, Marekani, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, wakaanzisha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, waliwaachia wenzao jina moja na herufi moja tu: Bill W. na Bob S. Kutojulikana ndiyo nguzo yenyewe. Huandikishwi, hulipi kiingilio, unachotakiwa kuwa nacho ni nia ya kuacha tu. Sisi huku tunadaiwa na kazi tunayofanya! Mradi ulipoisha walikunja bango lao wakaondoka, na ufunguo wa darasa nao haukuonekana tena. Sasa tunakutania chini ya mwarobaini, vumbi la Dodoma linatupiga, ng'ambo kuna grosari inapiga muziki kama inatuita.

Na harusi je? Nimechanga laki moja, sawa na jirani yangu. Mezani yeye kapelekewa bia nne, mimi soda moja na maji madogo. Nikiomba soda ya pili, mhudumu ananiangalia kama mwizi. Kamati za harusi zijirekebishe.

Ushauri wangu kwa wahusika, kama wapo. Ufunguo wa darasa apewe mama anayeuza maandazi getini, maana ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kukosekana pale. Kwenye ubao wa zahanati, kando ya ratiba ya kliniki ya watoto, kibandikwe kikaratasi: Jumamosi saa tisa, muulize mama wa maandazi. Neno pombe lisiwepo, anayehusika ataelewa.

Mwandishi wenu akitaka kutupata, awaulize madereva wa bajaji wanaokunywa soda. Kamera aiache ofisini.

Mnywa Soda,
Nkuhungu, Dodoma