Barua kwa mdogo wangu aliyeko Guangzhou: mwalimu wa kung fu haposwi bila mshenga

Mdogo wangu, mambo vipi huko. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilicheka, ya tatu nikaona hili jambo limekukaa kooni. Yaani umetoka Dodoma mpaka Guangzhou, miezi miwili sasa, na bado hujapata mtu wa kukufundisha kung fu, unachokutana nacho ni jimu za taekwondo za watoto, ambayo hata sio ya Wachina, ni ya Wakorea. Nakujibu hapa hadharani maana najua kuna vijana wenzako wengi wa Kibongo huko wana shida hiyo hiyo, na WhatsApp ukitumiwa leo unaisoma keshokutwa mpaka hiyo VPN yako ya kupitia mitandao iliyofungwa huko iamke.

Kwanza acha kuuliza watu "kung fu wanafundisha wapi". Hilo ni swali la huku kwetu, si unakumbuka pale Chang'ombe kwenye kile kiwanja cha vumbi kila kitu tuliita karate, teke karate, ngumi karate, mpaka yale tuliyokopi kwenye banda la video. Huko ni sawa na mtu ashuke stendi ya Nanenane aulize chakula kinauzwa wapi. Uko jimbo la Guangdong, kusini, wana mitindo yao: kuna Hung Gar ya kushusha kiuno na miguu kama nguzo, kuna Choy Li Fut ya mikono mirefu inayozunguka, kuna Wing Chun ya kupigana karibu karibu. Hekalu la Shaolin lenyewe, lile maarufu kwa kung fu, liko jimbo la Henan, mbali kweli kweli na hapo ulipo, kwa hiyo mtu akikufuata mtaani akasema yeye ni Shaolin orijino, taratibu kwanza.

Mimi mwaka 2017, nilipokuwa nafuata mzigo huko, sikwenda taratibu. Kijana mmoja alinikuta karibu na gesti yangu pale mtaa wa Xiaobei, akaruka sarakasi mbili, nikatoa yuani 800 za mwezi mzima. Nilisoma siku tatu, zote sarakasi, siku ya nne simu haipatikani mpaka leo. Mama hajui, usimwambie.

Sasa sikia kitu nilichokuja kukielewa baadae. Huko dereva teksi wanamwita shifu, mpishi shifu, anayekuja kutengeneza bomba shifu, na mwalimu wa kung fu naye shifu. Ukiandika kwa herufi zao hiyo ya mwalimu inakuwa na herufi ya baba ndani yake, ila mdomoni ni neno moja. Mi nilivyoambiwa hivyo nikasema kumbe ni fundi! Na fundi we unajua tunavyomtafuta, hatumuulizi cheti. Tunaangalia suruali aliyomshonea jirani. Kwa hiyo nenda kaangalie wanafunzi wake, wale waliokaa miaka mitano, wanasimamaje, wanapumuaje, wakikosea anawarekebisha au anaangalia simu. Mikanda ya rangi isikuzuzue, hiyo imeanzia judo ya Wajapani, walimu wengi wa zamani wa Kichina hawana habari nayo.

Alafu nenda Yuexiu, ile bustani kubwa, saa 12 asubuhi. Huku kwetu inakuwa saa 7 usiku, kwa hiyo usinipigie. Utakuta wazee wamewasha redio wanacheza taiji, ile ya kwenda polepole, ya mikao 24, hiyo ilipangwa na serikali yao mwaka 1956 ili kila mtu aweze kujifunza, usiidharau, magoti yako yatakushukuru. Mi nilikaa pembeni kwenye benchi siku sita bila kuomba chochote, nasalimia tu, jou san, jou san, yaani habari za asubuhi, vile vile ambavyo huku huwezi kupita mbele ya wazee bila mbukwenyi, salamu ya Kigogo. Siku ya saba bimama mmoja akaninyooshea kidole, akanivuta mkono, akashusha kiwiko changu. Basi. Kesho yake tena kiwiko kile kile. Wiki ya tatu mzee mmoja wa pale akanisikiliza kwa programu ya kutafsiri kwenye simu, akacheka sana, akampigia rafiki yake anayefundisha Wing Chun huko Foshan, mji wa jirani.

Huyo mzee ndo alikuwa mshenga wangu. Ningeenda Foshan mwenyewe ningeambiwa darasa limejaa, maana nilishaambiwa hivyo sehemu mbili.

Foshan unafika kwa metro tu, ndo kwao Ip Man, yule mwalimu maarufu wa Wing Chun aliyehamia Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1940 hali ngumu, akaanza kufundisha wafanyakazi wa migahawa mwaka 1950, Bruce Lee akaja kupita mikononi mwake. Yaani naye alikuwa mgeni mjini kama wewe, tofauti yeye ndo alikuwa anatafuta wanafunzi. Mwalimu wangu alifundishia sebuleni, kabati limesogezwa, na miezi minne yote nilifanya siu nim tau, zoezi la kwanza la Wing Chun, umesimama sehemu moja mikono tu ndo inakwenda. Nilitamani kulia.

Swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa viza. Mwingine kabla yake alinikataa kabisa, hataki mtu wa kuondoka mwaka ukiisha, na sikumlaumu, ni sawa na fundi gereji kumfundisha kijana akishajua kushusha injini anahamia Mwanza. Wewe sema ukweli, mimi ni mwanafunzi, nina miaka minne. Miaka minne ni mali. Na usikimbilie habari za kupiga magoti na kumpa chai ili uwe mwanafunzi wa ndani, hiyo ni ndoa, we hata kwenye uchumba hujafika. Lipa ada kwa wakati, fika mapema, saidia kupanga viti.

Kocha wetu anakusalimia, anataka video ya mabu yako, ule mkao wa kama umepanda farasi, dakika tano bila kutetemeka, ukitetemeka anasema hakujui.

Jingine, humo humo Yuexiu kuna sanamu kubwa ya mbuzi watano, hadithi yao wanasema watu watano wa mbinguni walishuka nao wamebeba nafaka wakati mji una njaa. Neno lao moja linabeba mbuzi na kondoo, ila ukiwaona ni mbuzi kabisa, wale wa mnada wa Msalato. Piga picha nzuri utume, nilimwambia baba tangu 2017, mpaka leo anasema namdanganya.