Bluetooth ndani ya redio kaseti

Mikindani, Mtwara

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lindi. Sisi hatujambo.

Ile redio kaseti ya mzee, ya spika moja na betri kubwa nne, inakubali bluetooth bila kuharibiwa. Tafuta bodi ndogo ya bluetooth inayokubali volti 3.7 hadi 5, betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya kuchaji), bodi ya kuchajia TP4056, swichi ya njia mbili, rezista mbili za kilo-omu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1.

Kwanza safisha. Kwa upepo huu wetu wa chumvi, springi za betri lazima zimeota kutu ya kijani. Zisugue kwa ndimu, halafu futa ndimu yote kwa kitambaa chenye maji na umalizie na spiriti. Ikibaki, itaendelea kula chuma. Tia betri mpya, washa redio, fungulia sauti, kisha pima volti kwa mita kwenye bodi ya redio. Volti 6 zikishuka sana redio inapopiga, springi bado chafu. Mkanda wa raba unaozungusha kaseti ukiwa umeyeyuka kama lami, ubandue wote kabla ya kuvisha mwingine.

Sasa kwenye kitasa cha sauti, kile cha kuongeza na kupunguza. Toa betri, pima miguu mitatu ya kitasa. Unaosoma omu 0 hadi hasi ya betri ndio ardhi, yaani njia ya pamoja ya hasi. Wa katikati kwa kawaida hupeleka sauti kwenye kikuza sauti, usiuguse. Uliobaki ndio mlango wa sauti: ng'oa waya wake, uupeleke upande mmoja wa swichi, bluetooth iende upande wa pili, katikati ya swichi irudi kwenye mguu ule. Kushoto na kulia za bluetooth zipite kila moja kwenye rezista yake, ziungane, zipite kwenye kapasita, ndipo zifike upande ule wa pili wa swichi. Ardhi ya bluetooth iende kwenye ardhi ya kitasa.

Hapa wengi huunguza bodi. Bluetooth yenye matundu ya spika haifai kazi hii, maana hasi zake za spika si ardhi, na ukizigusisha na ardhi ya redio unaiua. Nunua yenye njia ya sauti ya L, R na G, yaani kushoto, kulia na ardhi.

Usiipe bluetooth umeme wa redio, hata ukishawishika kuokoa betri. Ikitumia hasi ileile ya redio kwa njia mbili, ya umeme na ya sauti, spika itavuma na kulialia kila simu inapotuma data. Ndiyo maana ya ile 18650: iwe ya bluetooth peke yake. TP4056 iwe ile yenye alama za B+, B-, OUT+ na OUT-, ndiyo yenye kinga, kwani isiyo na kinga huacha betri ishuke chini ya volti 2.5 na kufa. Betri itie kwenye kishikio chake, usiichomelee moja kwa moja. Na ukiichaji huku redio imechomekwa ukutani, mvumo unaweza kurudi. Chaji usiku, sikiliza mchana.

Kabla hujang'oa waya wowote, piga picha upande wa chini wa bodi, karibu na kitasa, unitumie niutazame mguu wa ardhi.

Wako,
Salumu